Vazi la Chuma Si Koti la Mvua



Jumamosi moja, mwishoni mwa kiangazi, mawingu ya kwanza yalipokuwa yakijikusanya juu ya mji wetu wa Lubumbashi, mzee mmoja wa mtaa wetu alinijia nyumbani. Nyuma yake alifuata mjukuu wake, amejitwika kichwani kitu cha mviringo kilichong'aa kama sufuria mpya. Tukasalimiana, tukaulizana habari za watu wa nyumbani, kisha mzee akaeleza haja yake.

«Mwalimu, mwanangu aliyeko Marekani ametutumia vyombo ndani ya kontena, na waya huu wa umeme ulikuwamo. Nataka kuupeleka kutoka nyumbani mpaka jikoni uani, tena mpaka kwenye pampu ya kisima. Fundi kijana amekwisha kuikubali kazi. Lakini mama wa nyumbani amekataa tusianze kabla wewe hujautazama.»

Nikauweka mezani, nikautazama. Ulikuwa mviringo wa futi 250, yaani mita 76 hivi. Nje umezungushiwa ukanda wa alumini, mzunguko mmoja umeshikana na mwingine kama magamba ya nyoka. Ndani zimo nyuzi tatu za shaba: mweusi, mweupe na wa kijani. Juu yake yameandikwa maneno ya kiwanda: namna ya waya ni MC, unene wa nyuzi ni namba 12, volti 600, na herufi THHN. Ulikuwa waya mzuri, mpya, usio na kasoro. Nikamwambia: «Baba, mwanao amekuletea kitu chema. Lakini usiupeleke uani.»

Mzee akacheka. Akatwaa nyundo yangu, akaupiga waya ule mara mbili. «Tazama! Nyundo haiwezi kuuvunja, panya hawezi kuutafuna. Maji ya mvua yatautenda nini?»

Basi nikamwomba ruhusa ya kukata kipande cha urefu wa mkono. Nikazitoa nyuzi zote, likabaki vazi la alumini peke yake. Nikaliziba upande mmoja kwa kidole, nikalikunja kidogo, na mjukuu akamimina maji kwa upande wa pili. Mara maji yakaanza kutokeza katikati ya magamba, tone baada ya tone, mpaka meza ikalowa. Mzee akanyamaza. Akaiweka nyundo chini.

Ndugu wasomaji, hilo ndilo neno langu la juma hili. Shujaa wa zamani aliyevaa nguo za chuma alikingwa na upanga na mkuki; lakini mvua iliponyesha, alilowa kama mtu mwingine yeyote. Vazi la chuma juu ya waya wa umeme ni vivyo hivyo. Linakinga nyundo, misumari na meno ya panya. Maji hayakingi. Na kinachoweza kuingia ndani, kinaweza kukaa humo: mvua ya usiku mmoja hutuama mahali waya unapoinama, isipate jua wala upepo wa kuikausha.

Labda utaniuliza: Mwalimu, kwa nini unashikilia jambo hili kwa nguvu namna hiyo? Nitakueleza, ingawa si heshima kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja niliyofundisha, tulihitaji taa nje ya vyoo, ili watoto wa bweni wasiogope giza. Fundi alikuja na kipande cha waya uliovikwa chuma, kilichobaki katika kazi nyingine, akaupitisha juu ya ukuta, mahali ambapo maji ya mabati hudondoka. Mimi ndimi niliyepewa kuisimamia kazi ile. Nikaugonga waya kwa fimbo, nikauona mgumu, nikatia sahihi karatasi yake. Majuma mengi taa iliwaka vizuri, na watu walinisifu.

Zikaja mvua. Jioni moja mtoto wa miaka 11, miguu mitupu katika matope, aliteleza karibu na ukuta, akaushika waya ule asianguke. Yeye hakulia, hakuweza. Mwenzake ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikimbia nikitaka kumvuta mtoto kwa mikono yangu, na mpishi wa shule, mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani, alinisukuma kando, akaenda mbio mpaka kwenye kisanduku cha umeme, akaukata. Mtoto akaanguka chini. Alipumua. Yu hai hata leo, lakini kiganja chake cha kulia hakifungiki sawasawa.

Kesho yake tuliufungua waya ule. Maji yalimwagika kama kutoka katika mrija. Pale ulipokatwa, ncha kali ya chuma ilikuwa imechuna ngozi ya uzi mmoja. Na uzi wa udongo, ule unaopaswa kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia, ulikuwa umekunjwa nyuma, haukufungwa popote. Baba wa mtoto hakunitukana. Alisema tu: «Mwalimu, nilikukabidhi wewe.» Sijasahau neno hilo.

Watu wetu hupenda kusema kwamba ajali haina kinga. Ni kweli kwa ajali nyingine. Ile ilikuwa na kinga tatu, na zote tatu tuliziacha.

Sasa tuone jinsi mambo yanavyokwenda. Umeme hutoka kwa uzi mmoja, hufanya kazi katika taa, kisha hurudi kwa uzi wa pili. Ngozi ya plastiki huuzuia usitoke njiani. Lakini ngozi si moja. Zile herufi THHN maana yake ni kwamba ngozi hiyo huvumilia joto na unyevu kidogo, ila haikukubaliwa kukaa ndani ya maji. Mafundi wa Marekani hutafuta herufi W, ambayo katika lugha yao huonyesha mahali penye maji: THWN, au XHHW. Viwanda vingine huziandika THHN na THWN pamoja juu ya uzi mmoja, na uzi huo umekubaliwa mahali pote pawili. Herufi moja ndogo, lakini ina uzito wa uhai wa mtu.

Ngozi isiyofaa ikikaa majini, au ikiwa imechunwa, umeme huvuja mpaka kwenye vazi la chuma. Uzi wa udongo ukiwa umefungwa vema, umeme huo hushuka ardhini. Usipofungwa, vazi lote kutoka mwanzo hata mwisho huwa na umeme, kama nyoka mrefu aliyelala ukutani akimngoja mtu. Hapo lile chuma tulilolisifu huwa baya kuliko plastiki tupu.

«Lakini,» utasema, «kikata-umeme cha nyumbani kingekata.» Sivyo. Tuhesabu pamoja, nanyi wanafunzi chukueni kalamu. Taa ndogo ya wati 60, kwa volti 220, hula miliamperi 270 hivi. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha California huko Berkeley, jina lake Charles Dalziel, aliwapima watu waliokubali kwa hiari yao, akaona ya kuwa kwa wastani mwanaume hushindwa kuuachia waya umeme ukifika miliamperi 16, na mwanamke miliamperi 10 na nusu. Miliamperi 30 zikipita kifuani kwa muda zaweza kuzuia pumzi, na zikizidi huvuruga moyo. Basi umeme wa taa moja ndogo ni mara 9 ya hizo 30. Na kikata-umeme cha kawaida cha amperi 16 hakisumbuki mpaka zipite miliamperi 16,000! Kimewekwa ili kuokoa nyaya zisiungue. Hakikuwekwa kwa ajili ya mtoto.

Tena, waya huu umetoka Marekani, basi yafaa tujue wenyewe wanasemaje. Kitabu chao cha sheria za umeme, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1897 na ambacho hurekebishwa kila baada ya miaka 3, kimeuwekea waya wa MC kifungu chake, namba 330. Sheria yao inagawa mahali pa namna tatu: pakavu, kama chumbani, penye unyevu, kama barazani chini ya paa, na penye maji, kama ukutani panapopigwa na mvua, au ardhini. Waya wa MC waruhusiwa kutumika nje. Lakini kwa mahali penye maji matoleo ya miaka ya karibuni yanadai kwanza koti la plastiki juu ya chuma, lisiloliwa na kutu. Tena pamoja na hilo, mojawapo ya mambo matatu: ama chuma chenyewe kiwe bomba lisilopenya maji, ama liwepo koti la pili la kuzuia maji chini ya chuma, ama nyuzi za ndani ziwe zimekubaliwa kwa mahali penye maji. Waya wa mzee haukuwa na koti la plastiki hata moja. Nao jamaa wa karibu wa waya huu, uitwao AC, unaofanana nao sana kwa macho, ni wa mahali pakavu tu.

Mzee alikuwa mtu mwenye akili, hakukubali upesi. Aliniuliza maswali matatu, na huenda hata wewe unayo moyoni.

«Nikiupitisha ndani ya bomba la plastiki, je?» Baba, bomba lililo nje mvuani, ndani yake pia huhesabiwa kuwa mahali penye maji. Mchana hewa hupashwa moto na jua, usiku hupoa, na umande hufanyika humo humo, kama vile kifuniko cha sufuria kinavyotokwa jasho. Bomba halimgeuzi waya wa chumbani kuwa waya wa uani.

«Nikiuzungushia plastiki ya kufungia nyaya?» Utayafungia maji ndani yasitoke. Plastiki ile nayo hupasuka kwa jua baada ya muda.

«Basi nikiuzika?» Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Sheria ya Marekani inakataza kuuzika waya wa MC, au kuufunika ndani ya simenti, ila ule uliotengenezwa hasa kwa kazi hiyo. Tena inautenga na chumvi kali, na vitu vya namna ya magadi, na takataka za makaa yaliyoungua. Na jikoni kwetu uani majivu humwagwa wapi? Kina mama wanajua nguvu ya maji ya majivu, yale yanayolainisha maharagwe. Wanajua jinsi sufuria ya alumini inavyogeuka nyeusi ikiachwa nayo. Simenti mbichi pia huila alumini vivyo hivyo. Vazi lile lingeliwa ardhini polepole, bila mtu yeyote kuona.

Mzee akashusha pumzi. «Basi mwanangu amepoteza fedha yake?»

Hata kidogo! Waya ule wafaa sana ndani ya nyumba, juu ya dari pakavu, penye panya. Uliwekwa kwa ajili ya volti 600, kwa hiyo volti zetu 220 hazitaushinda. Unene wa namba 12 ni milimita za mraba 3.3 hivi, watosha kwa soketi za vyumbani. Ila fundi aangalie rangi: kwa Wamarekani mweusi ndio wenye umeme, mweupe ndio wa kurudi, na wa kijani ni wa udongo, kumbe kwetu, kwa desturi tuliyoipata kwa Wabelgiji, wa kurudi ni wa buluu na wa udongo ni wa kijani na manjano. Azitie ncha alama kabla ya kufunga, asije mwingine akakosea.

Na kwa uani, kuna waya uliofanywa kwa kazi hiyo. Mafundi wa Kibelgiji wanao ule uitwao EVAVB: nyuzi zimevikwa plastiki, juu yake koti, juu ya koti kanda za chuma, na juu ya chuma koti jingine la plastiki. Chuma kimelala katikati ya makoti mawili, hakionani na mvua wala udongo. Huo ndio wa kuzikwa, kina cha sentimita 60, ili jembe la mtu anayelima mihogo lisiufikie.

Sasa nawapa, ninyi wenye nyumba, mashauri machache ya kukumbuka kabla ya kumlipa fundi.

Kwanza, soma maandishi ya waya. Ukiona vazi tupu la chuma lisilo na koti la plastiki juu yake, ni wa ndani. Usiruhusu utoke nje hata mita moja.

Pili, tazama viungio. Koti jema halina faida ikiwa sanduku la maungio linavuja. Vifungio vya mahali penye maji vina mpira wa kuziba. Vya chumbani havina. Waya ushuke kwanza chini ya sanduku, kisha upande na kuingia kwa chini, ili matone yadondoke kwenye pindo, yasiufuate waya mpaka ndani.

Tatu, tazama ncha. Chuma kilichokatwa ni kikali kama wembe. Fundi mwenye adabu hukilainisha, tena hutia kipete kidogo cha plastiki kati ya chuma na nyuzi. Asiukunje waya kama kamba ya mbuzi: pindo la vazi la magamba lisiwe na nusu-kipenyo kilicho chini ya mara 7 ya unene wake, la sivyo magamba hufunguka. Aushikize kila baada ya mita 1.8, na nyuzi nyembamba kama hizo zishikizwe pia kabla ya sentimita 30 kutoka kwa kila sanduku.

Nne, uliza: «Uzi wa udongo umefungwa wapi?» Usikubali jibu la mdomo. Sema akuonyeshe. Vazi la magamba la kawaida halitoshi kufanya kazi ya uzi huo.

Tano, kwa kila umeme uendao uani, jikoni, bafuni au kisimani, weka kile kikata-umeme ambacho mafundi wetu hukiita diferansieli, cha miliamperi 30. Hicho hupima umeme uendao na umeme urudio, na kikiona upungufu hukata mara moja. Dalziel yule niliyemtaja ndiye aliyebuni kifaa cha namna hiyo miaka ya 1960, na cha Wamarekani hukata katika miliamperi 4 hadi 6. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi.

Sita, wafundisheni watoto: mtu akishikwa na umeme, msimguse. Kateni umeme kwanza kisandukuni. Kisanduku kikiwa mbali, simameni juu ya ubao mkavu, mumsukume kwa kijiti kikavu kisicho na chuma. Mpishi wetu alilijua jambo hilo. Mimi mwenye vyeti sikulikumbuka.

Mzee alikwenda zake na mviringo wake. Fundi kijana alinung'unika, maana alitaka kumaliza kazi kabla ya mvua. Mke wa mzee alipika kwa taa ya mafuta miezi miwili zaidi, mpaka fedha ya waya mwingine ikapatikana, na majirani walimcheka kwamba ana mali ya Marekani juu ya dari huku anapika gizani. Rahisi ni ghali, wazee walisema. Naye alikubali kulipa ughali kabla, asiulipe baadaye.

Juzi nilialikwa kuwashiwa taa ya jikoni. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu, uani ni matope matupu, na wajukuu walikuwa wakikimbia miguu mitupu kati ya nyumba na jiko, wakishika kila nguzo na kila ukuta, kama watoto wafanyavyo. Mzee alinitazama, akasema: «Mwalimu, kula. Mbona unawaangalia watoto tu?»

Nikala. Lakini niliendelea kuwaangalia.